Barafu ya Samaki na Sanduku la Wandera

Wenzangu kazini hudhani naringa nikikataa samaki. "Wewe mtu wa Busia, mtoto wa mama samaki, na huli samaki?" Wananicheka, nami nacheka nao, kisha naagiza maharagwe. Ukweli ni kwamba samaki hawana kosa. Ni yale maji. Barafu iliyolala na samaki ikaanza kuyeyuka ina harufu yake peke yake, harufu ya ubaridi na magamba na damu kidogo, na nikiinusa popote, hata niwe na haraka, hata niwe na mgeni, navuka barabara. Pale Nambale ninakoishi siku hizi kuna mama mmoja muuza samaki aina ya mbuta ambaye ananijua kwa kumkwepa tu. Anadhani tuna kesi.

Mwezi uliopita Mama alinipigia simu kutoka nyumbani Mundika. Hakuanza na salamu.

"Kuna mtu ya vyuma kuukuu amepita hapa. Anataka lile sanduku."

Hakuhitaji kusema sanduku gani. Nikamuuliza amemjibu nini.

"Nimemwambia arudi Jumapili. Kuja kwanza uliangalie."

Nyinyi wa rika langu mnayakumbuka yale masanduku ya bati ya kwenda bording. Kufuli dogo mbele, jina kubwa juu kwa rangi nyeupe, na ukilifungua linapiga kelele nyumba nzima inajua umekula biskuti. La kaka yangu lilikuwa la bluu. WANDERA, na chini yake nambari ya shule. Baba, ambaye alikuwa dereva wa trela na tuliyemwona mara mojamoja kama mgeni wa heshima, ndiye aliyelileta, akalipiga kwa kiganja tusikie bati lilivyo zito. Wandera akaenda nalo Form One. Muhula haujaisha, gari la mwalimu likamrudisha, amelazwa kiti cha nyuma amefunikwa shuka, sanduku kwenye buti.

Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilijua kila kitu. Nikaamua amefukuzwa. Nilimsikia Mama akimwambia jirani kwamba kule watoto wanaogeshwa maji baridi alfajiri, nikaona hayo ni maneno ya kujitetea tu. Mtu mzima wa Form One anafukuzwa shule kwa kuogopa maji! Nilimwonea aibu. Wiki nzima nilikuwa nikipita karibu na kitanda chake bila kumwangalia.

Hakuna aliyenieleza. Nyumbani kwetu tuliambiwa tu kwamba damu ya Wandera si nzuri, basi. Sasa najua jina lake: selimundu. Chembe za damu zinapinda, zinaziba njia, na mwenye nazo anaumwa maumivu ambayo sitajaribu kuyaeleza. Na moja ya mambo yanayozifanya zipinde ni baridi. Ndiyo sababu alivaa sweta jua la Busia likiwaka, tukamcheka. Lakini ugonjwa wa damu haukutajwa mbele ya watoto, kwa sababu watoto hubeba maneno, na upande wa Baba tayari walishasema ya kutosha kuhusu damu ambayo Mama aliileta kwao. Kwamba ugonjwa huo mtoto huupata kwa wazazi wote wawili, hilo hakuna aliyetaka kulisikia. Kwa hiyo Mama alinyamaza, na mimi nikabaki na akili zangu mwenyewe.

Akiwa nyumbani, Wandera alijenga kompyuta. Si ya kuchapia barua. Ya gemu. Vipande vingi alivipata Malaba kwa Mzee Omuse, fundi wa redio na simu aliyekuwa na kibanda nyuma ya foleni ya matrela, ambaye alikuwa akinunua kompyuta zilizotupwa na maofisi na kuzichuna kama kuku. Baba naye alileta kadi ya picha kutoka kwa dereva mwenzake wa Kampala, bila kujua ni ya nini. Kilichokosekana ni kava ya kuvifungia vyote. Wandera akaliangalia lile sanduku la bording lililokuwa limekaa bure chini ya kitanda, akacheka, akasema, "Si angalau litasoma."

Gemu yenyewe ilikuwa ya mpira wa miguu. Wandera hakuwahi kumaliza hata nusu saa uwanjani maishani mwake. Akikimbia kidogo miguu inauma, anakaa chini pembeni anashika nguo za wenzake. Lakini kwenye ile skrini alikuwa namba kumi, anakimbia mpaka jasho linamtoka yule mchezaji. Nilikaa kwenye kitanda pembeni yake nikishangilia, na niseme wazi kwamba sijawahi kufurahi hivyo tena na mtu yeyote.

Shida ilikuwa joto. Sanduku la bati halina pa kupumulia. Ndani yake kuna prosesa, kipande kidogo tu unaweza kukifunika kwa kisanduku cha kiberiti, na hicho ndicho kinachofanya hesabu zote, na kikifanya kazi kinachemka. Kikizidi, mashine inajizima yenyewe isiungue. Ya Wandera ilikuwa ikizima joto likipita nyuzi tisini na tano, namba tuliyoisoma pembeni mwa skrini. Dakika ya sitini ya mechi, dakika ya sabini, paap, giza. Hata aongoze kwa mabao manne. Hakuwahi kuona kipenga cha mwisho.

"Hata hii nayo inanitoa uwanjani," alisema siku moja. Alisema akitabasamu, lakini alitoka nje akakaa nyuma ya choo muda mrefu.

Basi tukaanza vita na joto, yeye na mimi. Aliniita Injinia. Kila namba tuliyofikia niliiandika kwa chaki nyuma ya mlango, ya juu kabisa ikiwa tisini na tano. Kwanza tulitoboa sanduku kwa msumari, mashimo mia na kitu, mpaka Mama akapiga kelele kutoka jikoni, "Nyinyi! Mnajenga kompyuta ama mnajenga chekeche?" Ikashuka mpaka tisini na mbili. Tukapiga vumbi kwa brashi ya rangi. Tisini na moja. Halafu Wandera akawaza kuhusu zile feni mbili ndogo, ya mbele na ya nyuma. Akawasha dawa ya mbu, ile ya kujiviringa, akaisogeza karibu na sanduku, tukaangalia moshi. Moshi wa mbele ukaingia. Moshi wa nyuma nao ukaingia. Feni zote mbili zilikuwa zinavuta hewa ndani, na ile ya moto haina mlango. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Injinia, tumekuwa tukiipika!" Tukageuza ya nyuma. Themanini na nne.

Kati ya prosesa na lile dude la aluminiamu linaloipoza huwa kunapakwa pesti ya kijivu ili joto lipite vizuri. Yetu ilikuwa imekauka ikawa unga. Mtaani watu walisema dawa ya meno inafaa, tukapaka dawa ya meno, chumba kikanuka mdomo wa asubuhi, namba ikashuka mpaka sabini na nane, tukarukaruka. Wiki moja baadaye imekauka, tuko tisini tena. Ikabidi twende Malaba.

Mzee Omuse alitufungulia droo, akatoa kibomba kidogo kisichozidi kidole changu.

"Hii imetoka Kampala, boss. Usipake kama mtu anapaka mkate. Kiasi ya punje ya mchele, basi." Kisha akamwangalia Wandera vizuri, sweta, macho ya manjano, mikono inayotetemeka kidogo. Akauliza polepole, "Na wewe mwenyewe uko aje?"

"Niko poa, mzee."

"Dada," Mzee Omuse akaniambia mimi, "huyu mtu umwangalie."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilijivuna. Nilidhani ananikabidhi kazi, na kweli nilikuwa nimeshajipa kazi hiyo.

Kwa sababu hapo ndipo akili yangu ya miaka tisa ilikuwa imefika. Wandera akizidiwa, kitu cha kwanza kilikuwa joto. Mama anaweka kipimajoto kwapani, anasoma namba, uso unabadilika. Thelathini na tisa. Anachovya leso majini, anaiweka kwenye paji la uso, anapima tena. Namba ikishuka, Mama anapumua. Na kwenye sanduku ni vilevile, namba ikishuka tunapumua. Nikaona huo ni ugonjwa mmoja. Niliamini, wala sikuwa na shaka hata kidogo, kwamba moto unaotoka kwenye yale mashimo ya msumari unamwingia yeye anayekaa karibu. Nikiipoza mashine mpaka mwisho, na Wandera atapona. Sikumwambia mtu. Nilitaka iwe zawadi.

Pesti ya Mzee Omuse ilitushusha mpaka sabini na sita, na Wandera akapunguza kidogo umeme unaoingia kwenye prosesa, ikawa sabini na tatu. Lakini ulikuwa msimu wa mvua, madirisha yamefungwa, chumba hakina hewa, na mechi ikipamba moto namba inapanda tena, mashine inazima dakika ya themanini na kitu. "Ikikaa chini ya sitini, Injinia, mechi itaisha," alikuwa akisema. "Sitini tu. Siombi kingine."

Siku hiyo mvua ilinyesha adhuhuri, ikaacha ubaridi ambao kwetu si wa kawaida. Mama alikuwa amekwenda sokoni na samaki wa kwanza, akaacha wengine nyumbani kwenye boksi jeupe la barafu. Nilirudi kutoka shuleni nikamkuta Wandera amelala karibu na sanduku lake, sweta mwilini, blanketi mpaka shingoni, mechi ameisimamisha katikati. Skrini inasema themanini. Nikagusa bati, lilikuwa moto. Nikagusa paji la uso wake, nalo lilikuwa moto.

Nilifanya kazi vizuri sana. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilifanya vizuri. Nilifungua boksi la Mama, nikasukuma mbuta pembeni, nikajaza beseni barafu. Nikalowesha gunia nikalitandaza juu ya kiti. Nikaweka beseni mbele ya feni kubwa ya mezani, nikaielekeza kwenye sanduku, na kwa kuwa kitanda kilikuwa papo hapo nyuma yake, upepo ukampata naye. Nikafungua dirisha. Kisha nikamvua blanketi, polepole asiamke, nikalikunja, nikaliweka kwenye kabati. Nikachovya leso kwenye maji ya barafu nikaiweka kwenye paji lake, kama Mama.

Namba ikaanza kushuka. Sabini na moja. Sitini na sita. Sitini na moja. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono miwili. Hamsini na nane.

Wandera akaamka anatetemeka. Meno yanagongana. Akaitoa leso, akaangalia feni, beseni, gunia. Akafungua mdomo kunigombeza, kisha macho yake yakafika kwenye skrini.

"Injinia," akasema. "Umefanya nini wewe?"

"Hamsini na nane!"

Alijua. Nataka mnielewe hapa. Mimi sikujua, lakini yeye alikuwa na miaka kumi na sita, alikuwa ameambiwa na daktari mbele ya Mama, alijua damu yake kuliko mtu yeyote nyumba ile. Alitakiwa kuzima feni, kufunga dirisha, kurudi ndani ya blanketi. Alikaa akiangalia ile namba. Kisha akavuta sweta mpaka vidoleni, akashika kidude cha kuchezea.

"Wacha nimalize hii moja tu," akasema.

Nikamuuliza kama niongeze barafu.

"Ongeza kidogo."

Hilo sijamsamehe. Nimejisamehe mambo mengi, na mengine hapana, lakini hilo la "ongeza kidogo" sijamsamehe kabisa, na nimeshamwambia mara nyingi nikiwa peke yangu barabarani.

Mechi ilianza kipindi cha pili. Vidole vyake vilikuwa vinakataa, akawa anavipuliza kati ya mipira. Tulikuwa sare, bao moja kwa bao moja. Dakika ya sabini ikapita, namba hamsini na tisa. Dakika ya themanini ikapita. Nilisimama juu ya kitanda. Dakika ya themanini na nane akafunga, akafunga jamani, na kipenga kikalia, kipenga cha mwisho, na yule namba kumi akapiga magoti uwanjani, watu wanashangilia. Wandera hakupiga kelele. Aliweka kidude chini, akaangalia wale watu wadogo wakikumbatiana mpaka skrini ikarudi mwanzo.

"Kumbe huwa inaisha hivi," akasema.

Kisha akasema miguu inaanza. Kisha mgongo. Nikamfunika blanketi, nikamwambia usijali, mashine imepoa. Alipoanza kushika kifua, niliogopa, nikakimbia kwa jirani, na jirani akampigia Mama. Nikakumbuka barafu. Nikarudi mbio, nikamwaga beseni dirishani, maji mengine yakamwagika sakafuni, nikarudisha gunia mahali pake. Mama alikuja na pikipiki, akamfunga Wandera leso mbili, akamkumbatia kwa nyuma kwenye ile ile pikipiki, wakaenda hospitali. Wandera alinigeukia. Alinyoosha kidole gumba kidogo tu, kikatoka kwenye mkono wa sweta.

Alikufa siku ya tatu. Maumivu yaliingia mapafuni. Wakati wa matanga nilikaa chini ya meza ya chai nikisikiliza shangazi zetu, dada za Baba, wakiulizana nani alikuwa na mtoto siku ile, alikula nini, alifanya nini. Kila mlango ulipofunguliwa nilidhani ni mimi naitwa. Sikuitwa. Wakazika, wakaondoka, na Mama akalisukuma sanduku chini ya kitanda. Namba nyuma ya mlango zikakaa mpaka Baba alipopaka rangi.

Sijamwambia mtu. Nimesoma, nimefanya kazi, nimefungua mapafu ya kompyuta za watu wengi sana na kuyapangusa, na sijamwambia mtu.

Jumapili ile nilifika Mundika mapema. Mama alikuwa ameshalivuta sanduku mpaka katikati ya chumba, amelipangusa, WANDERA linasomeka. Nilifungua. Vumbi, utando wa buibui, mjusi mmoja aliyekauka. Nikaing'oa ile aluminiamu, pesti ya Mzee Omuse ilikuwa jiwe. Nilikuwa nimekuja na yangu. Nikasafisha, nikatia tone moja, kiasi cha punje ya mchele, nikafunga. Mama alikaa kitandani ananiangalia mikono.

"Mama," nikasema, bila kugeuka, "siku ile kulikuwa na barafu."

"Najua."

Nikageuka.

"Mimi nauza samaki," akasema. "Nitakosa kujua barafu yangu? Nilirudi kuchukua nguo zake, nikakanyaga maji hapo ulipokaa. Yananuka mbuta. Nikaangalia feni imeelekea wapi." Akaisugua sakafu kwa unyayo. "Nikapanguza. Nikapanguza mara mbili, kabla shangazi zako kufika."

Nilingoja aseme si kosa langu. Nilingoja kwa kweli, nikiwa na bisibisi mkononi, mtu mzima. Hakusema. Labda hata yeye hajui. Alikuwa na joto kabla sijamgusa, huenda ilikuwa imeshaanza, huenda haikuwa.

"Alimaliza?" akauliza.

"Nini?"

"Ile mpira yake. Kila siku alikuwa ananiambia, Mathe, haiishi, haiishi. Siku ile alimaliza?"

"Alimaliza," nikamwambia. "Mbili moja. Alifunga mwishoni."

Mama akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Alitoa leso kichwani akajipangusa uso wote, akaifunga tena. Nje tukamsikia mtu wa vyuma akiita kwa sauti ile yao ya puani. Mama akapiga kelele bila kusimama, "Hakuna kitu hapa! Enda tu!"

Nikachomeka waya, nikabonyeza. Sikutegemea chochote. Taa ikawaka, feni zikakoroma, zikakohoa vumbi, zikaanza kuzunguka. Haikufika mbali, ilikwama kwenye ukurasa ule wa mwanzo, lakini namba ilikuwepo pembeni. Thelathini na nne. Ile sauti ya feni ikajaa chumbani, sauti ambayo Mama alikuwa akiisikia akitoka sokoni, tangu kwenye geti, akajua mtoto yuko.

Akasimama haraka, akaenda akafunga dirisha.

"Baridi inaingia," akasema, akarudi akakaa.